Chai ya asubuhi ukienda Disney Animal Kingdom: Boma, Tusker House, Sanaa au kapu lako mwenyewe

Kila mtu wetu anayepanga kwenda Disney World kule Florida ananiuliza tiketi na hoteli tu, chai ya asubuhi haulizi mtu. Halafu wakishafika ndo simu zinaanza, saa mbili asubuhi wako kwenye foleni, mtoto analia njaa, baba kanuna, na kitu cha karibu ni kahawa na keki ya sukari tupu. Sisi yalitukuta mara ya kwanza tulipoenda, mara ya pili nikajipanga, na mara ya tatu mwezi wa sita tulienda na mama mkwe kaja kutoka Karagwe, na mama mkwe wangu bila chai ya maana asubuhi siku yake haianzi. Kwa hiyo hizi sehemu tumezikalia, tumezilipia, tumezilinganisha. Naandika kwa urefu ili ukichagua uchague ukijua unalipa nini, na nikisema kulipa sisemi dola peke yake, asubuhi yenyewe nayo ni malipo.

Kwa ambaye hajawahi kwenda, Disney World sio kiwanja kimoja kama Sabasaba, ni viwanja vinne, Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom, na eneo lote ni ekari kama 25,000, mahoteli humohumo, mabarabara humohumo. Hutoki getini ukavuka barabara ukapata mama ntilie. Ukikosea asubuhi ndo umekosea, utakula unachokikuta.

Mimi naongelea Animal Kingdom peke yake. Sababu ya kwanza ndo ninakokujua. Sababu ya pili ni kwamba mtu wa Kiswahili akiingia pale anapigwa na butwaa kidogo, kwa sababu kuna kijiji kizima wamekijenga kinaitwa Harambe, na kimejengwa kwa kuiga mji wa pwani yetu, Lamu hasa, kuta za chokaa zilizochakaa, milango ya mbao, mabango ya Kiswahili kila kona. Kiwanja kilifunguliwa 1998 na waliokibuni walikuja Afrika Mashariki kuangalia kwa macho. Kuna duka limeandikwa Duka La Filimu, kibanda cha vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu, baa inaitwa Dawa. Mtoto wangu wa miaka 11 ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani tu alikuwa anatembea anasoma mabango kwa sauti na anawatafsiria Wamarekani waliosimama pembeni, na hilo peke yake kwangu lilitosha nauli.

Turudi kwenye chai.

Chaguo lako kwa asubuhi ya Animal Kingdom lina sehemu tano hivi. Boma, ambayo ni bafe ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Tusker House, bafe ndani ya kiwanja chenyewe pale Harambe. Sanaa, ambayo iko upande wa pili wa hoteli ileile, pale Kidani Village. Kusafiri, ambayo ni duka la kahawa na mikate pembeni ya Tusker House. Na la mwisho ni chakula chako mwenyewe ulichotoka nacho unakolala. Sehemu hizi watu wanazilinganisha kwa chakula, nani ana mayai mazuri, nani ana juisi tamu. Mimi nakwambia chakula kifikirie baadaye, kwanza jiulize siku hiyo unaingia kiwanjani saa ngapi na umeshalipa tiketi au hujalipa. Ukishajibu hayo mawili, sehemu mbili tatu zinajitoa zenyewe.

Boma kwanza kwa sababu ndo inayoulizwa zaidi.

Jina lenyewe sisi tunalijua, boma la ng'ombe, na Watanzania tunajua na boma la serikali, lile jengo la Mjerumani lililoko kila wilaya. Wao wamechukua lile la mifugo, wamejenga kwa mbao na mapaa kama ya nyasi, unashuka ngazi kutoka mapokezi unaingia. Mlangoni wanakusalimia jambo. Watoto wetu waliitikia sijambo, dada wa mlangoni akacheka akafurahi kweli akawauliza mmetoka wapi.

Kitu cha kuelewa mapema, chai ya Boma sio ya Kiafrika kama jina linavyokuahidi. Chakula cha usiku ndo chenye mambo mengi ya kwetu, masupu na viungo. Asubuhi nusu zaidi ni Kimarekani, mayai ya kuvuruga, soseji, bekoni, wafle, viazi, mikate, matunda. Katikati ya hivyo wanachomeka vitu kutoka kusini mwa Afrika, bobotie, ile nyama ya kusaga ya wenzetu wa Cape iliyookwa na mayai juu ina harufu ya bizari na utamu kwa mbali, na pap. Hiyo pap ni unga wa mahindi meupe. Mama mkwe alichota kijiko kimoja akakigeuza geuza kwenye sahani, ni laini kuliko ugali ila nzito kuliko uji, haishikiki mkononi na hainyweki. Akakaa nayo kidogo. Halafu akamwomba kaka aliyekuwa anahudumia maziwa ya moto na sukari, akamimina, akakoroga, akala mbili. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni uji wa mgonjwa, lakini ni mzuri." Kutoka siku hiyo nikienda na mtu mzima wa kwetu namwonyesha pap kwanza, kwa sababu meza nzima ile ya soseji na wafle mtu wa miaka 70 anaizunguka mara mbili hajaona cha kula.

Kuna juisi wanaiita Frunch, ina nanasi, mapera, mapapai na vingine wamechanganya, watoto wanaipenda mno. Chai? Chai ni kama ya kila mahali Marekani, kikombe cha maji ya moto na kapakti. Omba maziwa ya moto pembeni, wanakuletea, na uweke pakti mbili kwenye kikombe kimoja ndo inakaribia.

Ila sababu yenyewe ya kwenda Boma ni kwamba iko hotelini, sio ndani ya kiwanja, kwa hiyo haihitaji tiketi ya kiwanja, na tiketi ya Animal Kingdom ni zaidi ya dola 100 kwa mtu kwa siku. Na huhitaji kuwa mgeni wa hoteli. Sisi tulilala Kissimmee kwenye nyumba ya bei nafuu yenye jiko, tukaendesha, getini mlinzi akaangalia kama tuna meza tumebuki, akatufungulia, paking'i hatukulipa. Mkishamaliza kula mnatoka nyuma ya hoteli pale Arusha Rock, ni mwamba umeingia katikati ya mbuga, mnasimama mnaangalia twiga, pundamilia, na ng'ombe. Ndio, ng'ombe. Wale wa Ankole wenye pembe ndefu. Mama mkwe kakulia nao kule Karagwe, marehemu baba yake alikuwa nao, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba atawakuta Florida. Alishika ule ukuta kwa mikono miwili akanyamaza, halafu akaanza kuwasifia pembe kwa Kinyambo mmoja mmoja kama anawajua. Watoto wakawa wanamwuliza bibi unasema nini, bibi hasikii. Tulikaa pale saa nzima na zaidi na hakuna aliyetudai senti.

Kwa hiyo hesabu ya Boma ipige hivi. Sisi tulikuwa watu wazima watatu, mtoto wa miaka 11, wa miaka 7 na wa miaka 2. Disney mtoto ni kuanzia miaka 3 mpaka 9, akifika 10 analipa kama mtu mzima, na chini ya miaka 3 anakula bure kwenye bafe. Kwa maana hiyo tulilipa watu wazima wanne na mtoto mmoja. Mtu mzima ilikuwa dola 30 na ushee, mtoto kama 20, ukiweka kodi na tipu tukatoka na bili ya karibu dola 200. Mkiwa sita na kuendelea tipu wanaiweka wenyewe asilimia 18, iangalie kwenye risiti usije ukaweka mara mbili, mume wangu nusura aweke. Dola 200 za chai ni hela nyingi, sikatai. Lakini siku hiyo hatukununua tiketi ya kiwanja hata moja, tulikula mpaka mchana hakuna aliyeuliza chakula, na tuliona wanyama. Ukiipima hivyo ndo siku ya bei rahisi kuliko zote tulizokaa Florida.

Tusker House ni hesabu nyingine kabisa.

Mkenya akisikia Tusker anawaza bia, hapa ni tembo mwenye pembe, na nje jengo limekaa kama soko la zamani la pwani. Ni bafe pia, chakula kinafanana na Boma kwa mbali, mayai, soseji, wafle za umbo la Mickey, juisi yao ya pasheni, machungwa na mapera. Tofauti ni kwamba wahusika wa katuni wanapita mezani, Donald, Daisy, Mickey na Goofy wamevaa nguo za safari, wanasimama meza kwa meza mnapiga picha. Unachokilipia pale ni hicho. Chakula kwa maoni yangu Boma wanawashinda, sio kwa mbali sana lakini wanawashinda.

Bei mtu mzima ilikuwa dola 40 na ushee, kwa familia yetu ileile bili ikakaribia dola 270. Juu ya hapo lazima uwe na tiketi ya kiwanja siku hiyo, kwa sababu mgahawa uko ndani. Na hapa ndo watu wanaumia bila kujua, ile asubuhi uliyokaa saa moja na nusu unamsubiri Daisy afike meza yako ndo asubuhi ambayo foleni za kiwanja ni fupi. Animal Kingdom inafunguliwa mapema, mara nyingi saa mbili, na wanaolala hoteli za Disney wanaingia nusu saa kabla. Wanyama kwenye ile Kilimanjaro Safaris, lile gari la kukuzungusha uwaone wanyama, wanatembea asubuhi, jua likishakuwa kali wanajilaza kivulini kama mtu yeyote mwenye akili, na Florida mwezi wa sita saa tano tu jua limeshachoma. Kule Pandora, sehemu ya kiwanja iliyojengwa kwa filamu ya Avatar, foleni ya mchezo wa Flight of Passage asubuhi sana unaweza kuvumilia, ikifika saa nne watu wameshajaa. Ukibuki Tusker House saa mbili na nusu umenunua chai ya dola 270 na umeuza asubuhi yako.

Sasa sisemi usiende. Tulienda, na yule wetu wa miaka 7 mpaka leo picha ya Donald ameibandika juu ya kitanda. Ninachosema ni saa. Chukua meza ya mwisho mwisho ya asubuhi, kwenye saa nne na nusu hivi. Ingieni kiwanja kinapofunguliwa na ndizi na yai la kuchemsha tumboni, pandeni safari, pandeni kimoja cha Pandora, halafu ndo mkaingie Tusker House mmechoka, jua kali, nje watu wamejaa, ndani kuna baridi ya kiyoyozi na viti. Na wanapobadilisha kwenda chakula cha mchana mnakuwa bado mmekaa, kwa hiyo chai na mchana vinakuwa kimoja. Ukifanya hivyo 270 inagawanyika kwenye milo miwili na asubuhi hujaiuza.

Kama watoto wako wameshapita umri wa katuni, au hamna watoto, sioni sababu ya Tusker House. Boma.

Zote mbili lazima ubuki. Wanafungua siku 60 kabla, asubuhi, kwenye programu yao ya simu ya My Disney Experience, na wanaolala hoteli za Disney wakifika hizo siku 60 wanaruhusiwa kubuki siku zao zote za kukaa kwa pamoja mpaka siku 10, ndo maana wewe wa nje unakuta saa nzuri zimeshaondoka. Usikate tamaa, watu wanaghairi sana siku moja mbili kabla, chungulia usiku na chungulia asubuhi ile ile. Sisi Boma tuliipata hivyo, jana yake saa tatu usiku. Na wewe ukiona huendi ghairi mapema, usipotokea wanakukata dola 10 kwa kila kichwa.

Halafu Sanaa, na hii nashangaa watu wetu wengi hawaijui.

Iko Kidani Village, ni hoteli ileile ya Animal Kingdom Lodge lakini jengo la pili, kutoka Boma unatembea dakika kumi hivi. Mchana na usiku ni mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, wanapika vya Kiafrika vyenye mkono wa Kihindi, ile ladha ya Bahari ya Hindi ambayo mtu wa Unguja au Mombasa anaijua bila kuelezewa, na wamesifika kwa mikate yao ya naan na vichachandu vyake. Ila asubuhi wanageuza, inakuwa ya kuagiza kaunta, wanaiita Kuamsha. Sijui kama waliokipa jina walijua, lakini Mkenya anasema kiamsha kinywa, kwa hiyo kwa mtu wa Nairobi jina limekaa mahali pake. Hakuna kubuki meza, unaagiza sahani yako, unalipa dola kumi na kitu, unakaa. Na unakaa wapi, unakaa kwenye dirisha ambalo nje yake ni mbuga. Boma haina hilo dirisha, Boma mpaka utoke nje ndo uone mnyama.

Chakula cha Kuamsha ni cha kawaida, nisikudanganye, sahani ya mayai na nyama, wafle, mkate wenye yai ndani. Vile vya naan usivitegemee asubuhi, tuliviuliza tukaambiwa rudini mchana. Lakini kwa watu wawili ambao hawali sana, kwa mfano wewe na mzee wako, au wewe na mwenzio hamna watoto, kulipa bafe kamili ya Boma halafu mtu anakula yai moja na tunda ni kutupa hela. Pale Sanaa mnalipa mlichokula na twiga mnamwona mmekaa. Kama mama mkwe angekuja peke yake na mimi bila hawa watoto ningempeleka Sanaa siku ya kwanza na Boma nisingeigusa, pap au sio pap.

Tatizo lake ni kwamba bila kuwa na meza uliyobuki, mlinzi wa getini siku za watu wengi anaweza kukuuliza maswali na paking'i ikijaa asikupitishe. Nenda mapema, au nenda na basi. Mabasi ya Disney ni bure, na ukitoka Animal Kingdom yenyewe kwenda hotelini ni karibu mno, ila kwa miguu hakuna njia, usijaribu.

Kusafiri nitaipitia haraka. Ni dirisha la kahawa na mikate pale Harambe, wanauza ile keki ya mdalasini iliyoviringishwa, kubwa inashiba watu wawili, na vitu vya yai kwenye mkate. Agiza kwa simu ukiwa bado kwenye foleni ya safari, ukishuka unachukua. Kama mnachotaka ni kahawa tu ya kuwafungua macho basi Starbucks iko humo ndani pia, ila foleni yake asubuhi ni mkosi, watu wote wamewaza wazo hilohilo. Kusafiri ina viti vichache, mnakula mmesimama au mmekaa kwenye ukuta wa kijiji, watoto wanapaka sukari mpaka masikioni. Kwa chai ya siku nzima haitoshi, sukari inawashusha saa nne tu. Kwa kuongezea kwenye ulichokula nyumbani inafaa sana.

Na hapo ndo tunafika kwenye kapu lako mwenyewe, ambalo mimi kwa siku za kiwanjani ndo chaguo langu, na nalisema kwa moyo wote.

Wengi hawajui kwamba Disney wanaruhusu kuingia na chakula. Begi linakaguliwa, lakini chakula kinapita. Wanachokataa ni pombe na vyombo vya kioo. Hapo kwenye kioo sikiliza vizuri, kwa sababu zile chupa za chai za kwetu, zile za maua, ndani yake ni kioo. Mama mkwe alikuja na yake kutoka Bukoba imefungwa kwenye khanga ndani ya sanduku, ikavuka bahari nzima haijavunjika. Nilimwomba aiache chumbani nikamnunulia ya chuma. Alikubali kwa shingo upande, ila chai ikakaa moto mpaka saa sita.

Tulichokuwa tunafanya ni hivi. Usiku nachemsha mayai kumi, asubuhi saa kumi na moja na nusu nainjika maziwa na majani yangu niliyotoka nayo nyumbani na tangawizi, namimina kwenye chupa. Chapati nilipika kabla ya safari nikazigandisha, unazipasha tu kwenye kikaango. Ndizi, karanga, machungwa tumenunua Walmart. Gari linaondoka saa kumi na mbili na nusu, watoto wanakula garini na mezani pale karibu na geti, na kiwanja kikifunguliwa sisi tumeshashiba tunatembea moja kwa moja mpaka foleni ya kwanza wakati wenzetu ndo wanaanza kuuliza kahawa iko wapi. Maji ya kunywa ya baridi kwenye kaunta za vyakula wanakupa bure ukiomba, usinunue chupa.

Siku tatu za chai hiyo hazikufika hata theluthi ya bili moja ya Boma.

Lakini ina masharti, lazima ulale mahali penye jiko, au angalau mikrowevu. Vyumba vya kawaida vya hoteli za Disney vina kifriji na mashine ya kahawa basi, mikrowevu mpaka utafute ya pamoja. Na lazima kuwe na mtu anayekubali kuamka saa kumi na moja akiwa likizo. Kwetu ni mimi, na siku ya tatu nilichoka kweli kweli, ndo siku tuliyoenda Boma na hiyo ndo raha yake pia, kuamka saa moja na kukuta meza imejaa vitu ambavyo hukuvipika wewe.

Kuhusu hoteli za nje zinazotangaza chai ya bure, ipo niliyolala safari ya kwanza, jina naliacha. Chai ilianza saa moja na nusu, yai la unga, mkate, na ukumbi mdogo watu wamepanga foleni mpaka kwenye lifti. Tukala haraka haraka, tukafika kiwanjani saa tatu na nusu, na asubuhi ndo ikawa imekwenda. Kabla hujahesabu chai ya bure kama faida uliza inaanza saa ngapi, ikianza baada ya saa kumi na mbili na nusu ihesabu ni ya siku ya kupumzika tu.

Kwa ndugu zangu wasiokula nguruwe, kwenye bafe zote mbili bekoni na soseji ya nguruwe vimekaa jirani na vingine, na vijiko watu wanavihamisha. Jirani yetu wa Tanga tuliyeongozana naye siku ya Tusker House alimwambia mhudumu mwanzoni kabisa, mpishi akaja mezani mwenyewe, akamzungusha meza nzima akamwonyesha hiki sawa hiki acha, na mayai akamtolea mapya kutoka jikoni. Hawakukunja sura hata kidogo. Kwa aleji ni hivyohivyo, ukiandika na kwenye buking inasaidia, lakini semeni mkikaa tu, msisubiri.

Viwanja vingine vitatu vina zao, Crystal Palace ndani ya Magic Kingdom wapo Winnie the Pooh na wenzake, Chef Mickey's iko hotelini Contemporary hapohapo jirani, na ukitaka kula ndani ya lile kasri la Cinderella utalipa zaidi ya hapa pote nilipotaja. Kanuni ya saa ni ileile, ukiwa umelipia tiketi chai ya kukaa iwe ya mwisho mwisho, na ile ya hotelini iweke siku ambayo huna kiwanja, siku ya kufika au siku ya kuondoka.

Sisi tumeshaongea kurudi. Mama mkwe kasema yeye kwenye katuni hana shida napo, ila kwa wale ng'ombe arudishwe, kwa hiyo yeye na baba mkwe watakuwa Sanaa dirishani na sisi wengine kiwanjani. Tusker House bado tunabishana na mume wangu. Huyu wetu mdogo anatimiza miaka mitatu mwezi wa kumi na mbili, kama tunairudia basi iwe kabla ya hapo, akiwa bado anakula bure.